Waya Ghali za Televisheni: Ni Mali au Ni Israfu?

Ni chache siku hizi nyumba zetu za Unguja, za Mji Mkongwe na za Ng'ambo, ambazo televisheni haikuwekwa mahali pa heshima katika ukumbi. Wazee huifungulia darsa na sala ya Tarawehe inayotoka Makka. Watoto huitaka kwa katuni. Na vijana, mpira. Hilo si neno letu leo. Neno letu ni la kitu kidogo kilicho nyuma ya televisheni hiyo, ambacho mgeni hakioni, nacho ni waya.

Mwenye kupita madukani, hapa kwetu au Dubai ambako ndugu zetu wengi hufuata bidhaa, ataonyeshwa nyaya za namna moja kwa bei zilizoachana mbali kabisa. Waya mmoja umetiwa katika mfuko wa nailoni na kutundikwa msumarini. Wa pili umelazwa ndani ya sanduku lenye kitambaa laini, kama kidani cha bibi harusi. Zote mbili hufanya kazi ile ile: hutoa picha na sauti katika king'amuzi au mashine ya diski, na kuzipeleka katika televisheni na spika. Tuseme wa kwanza ni shilingi 10,000 na wa pili ni shilingi 200,000. Baba husimama hapo na mwanawe, na kijana humwambia, "Baba, tuchukue huu, picha itakuwa safi zaidi." Je, asemayo kijana ni kweli? Ikiwa ni kweli, hapana lawama kwa mwenye uwezo kununua kilicho bora. Na ikiwa si kweli, basi shilingi 190,000 za nyumba ile zimekwenda bure, nasi Waislamu tunajua yaliyosemwa juu ya ubadhirifu katika Suratu Bani Israil, aya ya 26 na ya 27.

Kabla hatujajibu, yafaa tuwatetee wazee wetu kidogo, maana imani hii ya nyaya haikuzuka hivi hivi. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla ya nchi nyingi za Afrika, ilhali ndugu zetu wa Bara walikaa bila ya kituo cha televisheni hata mwaka 1994. Katika zama hizo picha ilifika kwa mawimbi, ikanaswa na antena juu ya paa au juu ya mlingoti, na waya ukaiteremsha mpaka ndani. Waya ule ulipoingia kutu kwa hewa ya chumvi ya pwani, au ulipoungwa kwa kiungo kibovu, picha ilijaa chenga na watu wakaonekana wana vivuli. Ukibadilishwa waya, picha hutakata. Mzee aliyeyaona hayo kwa macho yake ana haki ya kuamini kwamba waya bora huleta picha bora. Wakati ule ilikuwa hivyo khasa.

Lakini mambo yaligeuka. Mwaka 2002 makampuni 7 yaliyounda vyombo vya elektroniki yalitoa kanuni ya waya mpya, ule unaoitwa HDMI, ambao leo umo nyuma ya karibu kila televisheni. Na tangu mwisho wa mwaka 2012 Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya zamani ya televisheni, watu wakaingia katika zama za ving'amuzi. Katika njia hii mpya picha haisafiri kama picha. Husafiri kama hesabu, yaani tarakimu mbili tu, sufuri na moja, zikifuatana kwa mamilioni na mabilioni katika kila sekunde.

Tutoe mfano wa nyumbani. Mama akimtuma mtoto kwa shangazi yake akamwimbie kaswida mpya, kaswida ile itafika kwa kadiri ya sauti ya mtoto na kumbukumbu yake. Akiwa na mafua itafika mbovu, na mtoto mwenye sauti nzuri ataifikisha nzuri. Hivyo ndivyo ulivyokuwa waya wa zamani. Lakini akimtuma dukani na karatasi iliyoandikwa "mchele kilo 5", mwenye duka atapima kilo 5. Mtoto awe amevaa kanzu ya hariri au kaptura yenye kiraka, karatasi iwe imekunjamana au imenyooka, kilo hazizidi wala hazipungui. Ila karatasi ikirowa mvua hata haisomeki, hapo mwenye duka hapimi kitu. Waya wa HDMI ni mtoto huyu wa pili. Tarakimu zikifika, picha ni ile ile iliyotoka upande wa pili, haina weusi mzito zaidi wala rangi iliyokolea zaidi. Zisipofika, aibu yake huonekana wazi: nukta nyeupe zenye kumetameta, picha kukatika-katika, au kiza kitupu. Hapana daraja ya katikati ambayo picha inafika "nzuri kidogo" kwa waya wa shilingi 10,000 na "nzuri sana" kwa waya wa shilingi 200,000.

Basi mtu akikuambia kwamba waya fulani wa HDMI utaongeza uzuri wa rangi, ujue amesema neno lisilokuwako.

Vijana wetu, ambao wengi wao wanayajua mambo haya kutushinda, watatwambia: "Lakini ziko nyaya za daraja mbalimbali." Wamesema kweli, na hapa ndipo penye elimu yenye manufaa. Picha kubwa zaidi ina tarakimu nyingi zaidi. Picha ya kawaida ya televisheni ya kisasa, ile yenye mistari 1080, yahitaji kwa uchache wake tarakimu chini ya bilioni 5 kwa sekunde, na wingi wa matangazo ya ving'amuzi vyetu haupiti hapo. Picha iitwayo 4K, kwa mwendo wa picha 60 katika sekunde, yahitaji njia ya bilioni 18. Na mashine mpya za michezo, zenye kupeleka picha 120 kwa sekunde, zahitaji waya wa bilioni 48, ambao kanuni yake ilitoka mwaka 2017. Waya wa bilioni 18 uliokaguliwa huandikwa Premium High Speed, na wa bilioni 48 huandikwa Ultra High Speed, na juu ya pakiti hubandikwa alama ya mraba inayosomwa kwa simu ili mnunuzi ahakikishe kuwa si ya bandia. Alama hiyo ndiyo ya kutafuta, si sanduku la kitambaa. Waya uliokaguliwa haulazimiki kuwa ghali. Na waya ghali usiokuwa na alama hiyo hauna cha kukuthibitishia ila maneno ya muuzaji. Tena mashine ya PlayStation 5 huja na waya wake wa kuitosha ndani ya sanduku, kwa hivyo kijana aliyekwisha nunuliwa mashine hana udhuru wa kumrudisha baba yake dukani.

Urefu nao una hukumu yake. Kwa mita 1 au 2, kutoka king'amuzi mpaka televisheni iliyo juu yake, waya wowote ulio mzima watosha. Umbali ukizidi mita 5 au zaidi, kama katika zile kumbi ndefu za nyumba za kale za Shangani na Malindi, tarakimu huanza kuchoka njiani, na hapo huenda ukahitaji waya wenye kupeleka picha kwa mwanga ndani ya uzi wa kioo. Huo ni ghali kwa sababu iliyo ndani yake, wala hatumlaumu anunuaye.

Sasa twende kwenye spika, maana huku khabari ni mbali. Waya unaotoka kwenye amplifaya au sabufa kwenda kwenye spika hauchukui tarakimu, bali huchukua umeme wenyewe unaotikisa spika, nao ni yule mtoto wetu wa kaswida. Hapa waya mbaya hudhuru kweli. Lakini kinachodhuru ni kitu cha kupimwa kwa rula, nacho ni unene na urefu. Chukua waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, ule ule ambao fundi umeme hutandazia taa za nyumba. Spika ikiwa mita 5 kutoka kwenye mashine, umeme hwenda mita 5 na kurudi mita 5, na waya huo humzuia kwa kiasi cha omu 0.11 tu. Spika ya kawaida ni ya omu 8. Kizuizi hicho hakifiki 2 katika 100. Lakini ukitumia uzi mwembamba wa milimita za mraba 0.2, kizuizi hupanda kupita omu 0.8, yaani zaidi ya sehemu moja katika kumi ya spika yenyewe, na mafundi hawapendi kizidi 5 katika 100. Hivyo waya wa taa wa dukani kwa fundi, unaouzwa kwa mita, waitosha sebule yoyote tuijuayo hapa Unguja. Kilichobaki katika nyaya za spika za thamani ni rangi, msuko wa nje, na jina.

Biashara hii ya kulipa jina ilianza mwishoni mwa miaka ya 1970 huko Marekani, wakati mtu mmoja wa San Francisco, Noel Lee, alipoanzisha kampuni ya Monster Cable, akauza nyaya nene za spika kwa bei ya juu. Walifuata wengine wakampita mbali. Mwaka 2007 kulikuwa na jozi ya nyaya za spika, urefu wake futi 12, ikiuzwa kwa dola 7,250. Mmarekani James Randi, mfanya mazingaombwe aliyetumia umri wake kufichua madai ya uongo, akaahidi dola milioni 1 kwa mtu atakayeweza, kwa sikio tu na bila ya kuangalia, kuzitofautisha na nyaya nzuri za bei ndogo. Randi amekwisha fariki, mwaka 2020, na hapana hata mmoja aliyezichukua fedha zile.

Jaribio kama hilo si lazima liwe la dola. Nyumbani kwako weka nyaya mbili, mpe mmoja wa watoto azibadilishe nyuma ya pazia mara 10 kwa kurusha sarafu, na yule anayedai anasikia au anaona tofauti aandike kila mara ni upi uliomo. Mwenye kubahatisha tu atapata zote 10 mara moja katika majaribio 1,024. Watoto watafurahi kwa kazi hii, na twadhani baba naye atajifunza jambo.

Tusije tukafahamika vibaya, tukawa tumewasukuma watu kwenye kila kilicho rakhisi. Hila mbaya zaidi katika soko la nyaya haimo katika sanduku la kitambaa. Imo katika waya wa bei ya chini uliotengenezwa kwa alumini na kupakwa shaba juu, kisha ukauzwa kwa jina la shaba. Alumini hupitisha umeme kiasi cha 6 katika 10 cha shaba ya unene ule ule. Utautambua kwa wepesi wake mkononi, na kwa kuukwaruza uzi wake kwa kisu: chini ya wekundu hutokea weupe. Katika spika khasara yake ni sauti. Katika waya wa taa au wa jiko la umeme khasara yake yaweza kuwa moto. Sisi ni watu wa karafuu, na karafuu huangaliwa unyevu na vikonyo kabla ya kulipwa. Iweje waya tuununue kwa kuutazama ganda?

Na dhahabu ile inayong'aa kwenye ncha za nyaya? Ina faida yake. Dhahabu haishiki kutu, nasi tunaishi katikati ya bahari, ndani ya nyumba za mawe na chokaa zinazotoa jasho wakati wa masika. Ncha iliyopakwa dhahabu hukaa muda mrefu kabla ya kuota ukungu wa kijani. Lakini ni utando mwembamba mno kuliko karatasi, na nyaya nyingi za bei ya kawaida zimepakwa vile vile.

Misikiti yetu ina shauri lake. Waya wa maikrofoni unaotoka mimbarini mpaka kwenye amplifaya ni mrefu, na umeme upitao ndani yake ni mdogo mno, hata waya wa taa ukipita karibu yake huutia mvumo, na watu wa safu ya nyuma wakaisikia hotuba imechanganyika na sauti ya nyuki. Hapa waya wenye nyuzi mbili zilizofunikwa kwa wavu wa chuma, ambao bei yake ni zaidi kidogo kuliko wa kawaida, ni wa lazima. Kamati ya msikiti ikiulizwa kwa nini ilitoa fedha za wakfu kwa waya ule, ina jawabu. Kwa waya wa HDMI wa shilingi 200,000 wa kuonyeshea darsa chini ya ukumbi, hatuoni itajibu nini.

Na kama mtu anataka kusifu waya ghali, kwa nini asiusifu ule uliolala chini ya bahari? Tangu mwaka 1980 Unguja hupata umeme wake kutoka Bara kwa waya upitao baharini, kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba. Ulipotokea ubovu mwezi wa Mei 2008 kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mzima. Na kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010 giza lilikuwa la miezi mitatu, maji yakawa taabu kwa kuwa pampu hazikuwa na nguvu. Mwaka 2013 ukafunguliwa waya wa pili wa megawati 100. Aliyekuwapo miezi ile mitatu haulizi kama waya huo ulistahiki bei yake. Nasi twautaja kwa sababu nyingine pia: umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, na kishindo hicho ndicho kinachoua televisheni. Nusu ya fedha za waya wa fahari hununua kifaa cha kuzuia umeme unaopanda ghafula, na nusu ya pili humlipa fundi aangalie kama nyumba ina waya wa ardhini. Katika nyumba nyingi za zamani za Mji Mkongwe swali hilo halijaulizwa miaka mingi.

Sasa tuje kwenye fiqhi, kwani mwenye kununua na mwenye kuuza wote wana hukumu zao. Imepokewa kwa Abu Huraira, katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume s.a.w. alikataza kumfunga chuchu ngamia au kondoo siku kadhaa bila ya kukamwa, ili kiwele kijae na mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Aliyenunua mnyama huyo, akamkama na kuujua ukweli, ana khiari ya kumbakisha, au kumrudisha pamoja na pishi ya tende. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Kishafi wakaongeza mifano ya hila hiyo hiyo, kama mwenye kinu cha maji anayeyazuia maji kisha akayafungulia wakati wa kuuza, ili kinu kionekane kina nguvu. Muuzaji anayeweka televisheni mbili dukani, moja ameipandisha mwangaza na kuiunga kwa waya ghali, ya pili ameififisha na kuiunga kwa waya wa kawaida, kisha akasema, "Tazama tofauti ya waya," yeye na mwenye kinu, twaona, njia yao ni moja.

Lakini kuna upande wa pili ambao watu wengi hawaujui. Ikiwa muuzaji hakusema neno wala hakufanya hila, na wewe mwenyewe ukadhani kwamba ghali ni bora, ukalipa mara 20, vitabu vya Kishafi havikupi haki ya kurudisha kwa sababu ya bei peke yake. Mfano wanaoutoa ni wa mtu aliyenunua kipande cha kioo kwa fedha nyingi akidhani ni johari: mauzo yamepita, kwani amejipunja mwenyewe kwa kutouliza. Watu wa siku hizi husema ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Lakini huyu gunia lilikuwa wazi, ila hakuchungulia.

Kwa hivyo ulimi wa mnunuzi una thamani kuliko macho yake. Kabla ya kutoa fedha na amwulize muuzaji mbele ya shahidi, au aandikiwe katika risiti: "Waya huu utanipa picha bora kuliko ule wa msumarini? Nanunua kwa sharti hiyo." Sifa iliyoshurutishwa katika mauzo isipopatikana, mnunuzi ana khiari ya kurudisha, na hili ni katika yanayojulikana katika madhehebu yetu. Muuzaji mkweli atajibu kwamba picha ni moja, na kwamba ule wa sanduku una msuko imara zaidi na sura nzuri. Mwenye kupenda sura basi anunue akijua anachokinunua. Mwenye mashaka katika shauri lake mwenyewe amwendee mwanachuoni wa mtaani kwake, kwani sisi twaandika gazeti, hatutoi fatwa.

Linabaki shauri la aliyekwisha nunua. Waya wake ni mzima, unafanya kazi, wala hapana haja ya kuutupa. Lakini akitaka kumwuzia mwenziwe, auuze kwa sifa za waya: urefu wake, alama iliyo juu ya pakiti yake, na umri wake. Yale maneno ya rangi zilizokolea, aliyoambiwa yeye dukani, asiyarudie kwa mwingine baada ya kuyajua.